BUU HUYU NI ADUI AU RAFIKI?

Je, umewahi kuchimbua samadi shambani ukakutana na mabuu wanene wa rangi ya kijivu au kahawia, wakijinyonganyonga kwa makundi? Wengi wetu hapa Makongeni tukiwaona hutema mate na kukimbilia dawa. Ngoja kidogo! Haraka haraka haina baraka.

Nyumbani kwetu miche ya sukuma wiki ilikuwa ikianguka kila asubuhi, imekatwa shina kana kwamba ni kwa wembe. Mama alipochimbua rundo la samadi kando ya shamba akawakuta mabuu hao. Jirani mmoja akasema, "Si hawa ndio wezi wako? Mwaga dawa!" Dawa ikakorogwa. Lakini kuku wetu huchakura rundo hilo kutwa, na mayai yao ndiyo yanayoninunulia madaftari. Nikamwomba mama anipe siku moja tu nimchunguze mshtakiwa kabla hajanyongwa.

Nilimweka mmoja juu ya kipande cha mabati. Haya ndiyo niliyotazama, nawe waweza kuyatazama.

Kwanza, miguu. Buu wa nzi askari mweusi hana miguu hata mmoja. Kiwavi anayekata miche ana jozi tatu za miguu karibu na kichwa, na ukimgusa hujikunja kama pete.

Pili, kichwa. Nzi askari ana kichwa kidogo, kigumu, kinachoonekana wazi. Funza wa nzi wa nyumbani haonyeshi kichwa. Mbele amechongoka na nyuma ni butu.

Tatu, ngozi na umbo. Nzi askari ni bapa, ana pingili kumi na moja, na ngozi yake ni ngumu kama ya mkanda. Hufikia milimita 20 au zaidi. Funza wa nzi wa nyumbani ni mweupe, laini, naye hufikia kama milimita 12 tu. Nzi askari akikomaa hugeuka kuwa mweusi, akahama uchafu kutafuta mahali pakavu.

Nne, makao yake. Huyu hula vitu vinavyooza: samadi, maganda, mabaki ya chakula. Hali mmea ulio hai.

Kumbe mshtakiwa wetu hakuwa na hatia! Usiku huo tulitoka na tochi. Kwenye mashina ya sukuma wiki tukawakuta viwavi wa kijivu, wenye miguu, wakiendelea na kazi yao. Mchana walikuwa wakijificha udongoni. Tuliwaokota kwa mkono, na kuku wakapata kiamshakinywa.

Ukoo wa nzi askari una aina nyingi, kwa hivyo ukitaka hakika, weka mabuu wachache na samadi yenye unyevu ndani ya kopo, ufunike kwa chandarua. Nzi mweusi huyu hufanana na nyigu, lakini ana mbawa mbili tu, wala hana mwiba. Kiunoni ana sehemu mbili zinazopitisha mwanga kama madirisha. Haumi, na huishi siku chache tu.

Jina lake la kisayansi ni Hermetia illucens, na asili yake ni bara la Amerika. Hapa Kenya wataalamu wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970 na chenye makao yake Kasarani, wamemchunguza kama chakula cha kuku, samaki na nguruwe. Akikaushwa, karibu asilimia 40 ya uzito wake ni protini. Mabaki anayoyaacha ni mbolea. Lakini tahadhari: usiwape kuku mabuu waliotoka kwenye taka za viwandani, maana buu huweza kukusanya madini yenye sumu mwilini.

Wanafunzi wenzangu, tukimhukumu mdudu kwa mahali tulipomkuta, tutamuua rafiki na kumwacha mwizi akila shamba. Dawa ile ingemwagwa, miche ingeendelea kuanguka, na kuku wetu wangekula sumu. Siku nyingine ukimkuta buu, mgeuze, hesabu miguu, kisha ndipo uamue. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.