Magodoro ya memori fomu: Pima tabaka kabla ya kulipa

Nsambya, jijini Kampala, ni jina linalofahamika kwa wanunuzi wa samani. Vitanda na makochi hupangwa kando ya barabara, na anayechukua kitanda huuliza pia godoro. Miongoni mwa yanayoulizwa ni la memori fomu, ambalo bei yake hupita ile ya sponji ya kawaida. Hapo ndipo mnunuzi wa jumla anapoweza kupoteza mtaji.

Memori fomu ilibuniwa Marekani mwaka 1966 katika utafiti wa viti vya ndege uliofanywa kwa ajili ya NASA. Ni aina ya sponji inayolainika kwa joto la mwili na kurudi taratibu inapoachiwa. Peke yake haiwezi kubeba mwili vizuri, hivyo huwekwa juu kama tabaka na kubebwa na sponji ngumu zaidi chini. Kwa hiyo godoro linaweza kuitwa memori fomu huku likiwa na inchi moja tu ya memori fomu.

Swali la kwanza kwa muuzaji ni unene wa kila tabaka. La pili ni densiti, yaani kilo ngapi katika mita moja ya ujazo. Kwa majibu hayo mawili, mizani inatosha kukagua.

Chukua godoro la futi 6 kwa 5, unene wa inchi 8. Likiwa na inchi 2 za memori fomu yenye densiti 50, juu ya inchi 6 za sponji yenye densiti 25, litakuwa na uzito wa karibu kilo 18 bila kitambaa. Likiwa na inchi 1 tu ya memori fomu ileile, juu ya inchi 7 za sponji yenye densiti 18, uzito hushuka hadi kilo 12 na ushee. Kwa macho yanafanana, lakini la pili litabonyea mapema na mteja atalirudisha dukani.

Mizani nayo hudanganywa. Wapo watengenezaji wanaochanganya unga wa chokaa ili kuongeza uzito. Fungua zipu, sugua pembe ya sponji kwa vidole. Ikimomonyoka au kuacha unga, iache. Kisha bonyeza kiganja juu: memori fomu hubaki na alama kwa sekunde chache, wakati sponji ya kawaida huruka mara moja.

Kwa msafirishaji, godoro hujaza lori kabla ya kulilemea. Yaliyobanwa na kuviringishwa huokoa nafasi, lakini yakikaa hivyo muda mrefu huenda yasiinuke vizuri. Yafunguliwe mapema yafikapo.

Anayevuka Busia au Malaba aulize pia godoro limetengenezwa wapi. Lenye asili ya Afrika Mashariki hupata nafuu ya ushuru, na kwa mzigo usiozidi dola 2,000 cheti rahisi cha uasili hutosha iwapo bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Lililotoka nje ya Jumuiya halipati nafuu hiyo kwa sababu tu limenunuliwa Kampala.

Unene, densiti na asili viandikwe kwenye risiti. Mzigo ukikataliwa, karatasi hiyo ndiyo itakayomtetea mnunuzi.