Dume la Ng'ombe, Kombe la Sabuni na Medali ya Moscow

Pande za Loliondo, zamani ushindi ulivaliwa kichwani. Morani aliyewahi kumchoma simba mkuki wa kwanza alipewa manyoya yake ya shingoni, yakatengenezwa kofia iitwayo olawaru. Kwenye sherehe hakuwa na haja ya kujieleza. Sheria na uchache wa simba vimeibana sana desturi hiyo, na mwaka 2012, ng'ambo ya mpaka huko Kimana nchini Kenya, wazee wa Kimasai na taasisi ya uhifadhi ya Big Life wakaanzisha michezo ya morani badala yake: kukimbia, kutupa mkuki, kurusha rungu, kuruka juu mpaka kichwa kiguse kamba. David Rudisha, bingwa wa mita 800 na mwenyewe Mmasai, akawa mlezi wake. Zawadi ya manyatta iliyoshinda ni dume la ng'ombe la mbegu.

Anayecheka hajawahi kukaa kwenye fainali ya kijiji, ambako mbuzi aliyefungwa kando ya uwanja hutazamwa kuliko kombe lenyewe.

Wagiriki wa kale nao waliijua zawadi ya kuliwa. Washindi wa michezo ya Athens walipewa mitungi iliyojaa mafuta ya zeituni, na aliyetaka aliyauza. Olympia, penye heshima kubwa zaidi, mshindi alivishwa shada la majani ya mzeituni mwitu, basi. Hata leo thamani haiko kwenye madini: medali ya dhahabu ya Olimpiki inatakiwa iwe na gramu 6 tu za dhahabu, sehemu kubwa iliyobaki ni fedha.

Na kombe la kwanza kubwa la soka Afrika Mashariki lilitoka kwa mtengeneza sabuni. Kombe la Gossage lilianza mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda, likabeba jina la kampuni hiyo ya Uingereza. Tanganyika ikajiunga mwaka 1945. Mashindano hayo ndiyo yaliyokuja kuwa Kombe la Chalenji la CECAFA.

Lakini nyanda za Karatu na Mbulu ni nchi ya wakimbiaji, na huko hesabu ya ushindi ni ngumu kidogo. John Stephen Akhwari wa Mbulu alikwenda kukimbia marathoni kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaanguka njiani, akaumia goti na bega. Aliingia uwanjani giza limeshatanda, mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Medali hakupata, ila mwaka 1983 serikali ilimvisha nishani ya ushujaa, na Sydney ilimwalika kwenye Olimpiki ya mwaka 2000. Washindi wangapi wa siku ile wanakumbukwa hivyo?

Filbert Bayi, aliyezaliwa Karatu mwaka 1953, alipata vyote viwili, medali na rekodi. Februari 2, 1974, huko Christchurch, New Zealand, alitoka mbele tangu mwanzo wa mita 1,500 na hakugeuka: dakika 3:32.16, dhahabu ya Jumuiya ya Madola na rekodi ya dunia. John Walker, aliyeshika nafasi ya pili nyumbani kwake, naye alivunja rekodi ya zamani. Mwaka uliofuata Bayi akaweka rekodi ya maili kule Kingston, Jamaica. Walker akamnyang'anya kabla miezi mitatu haijaisha. Rekodi ni mali ya kuazima.

Medali hainyang'anywi hivyo. Moscow, mwaka 1980, mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, Bayi alichomoka tena akaacha pengo kubwa, mpaka mzunguko wa mwisho ambapo Bronisław Malinowski wa Poland alimkuta na kumpita. Medali hiyo ya fedha ya Bayi na ile ya Suleiman Nyambui wa mita 5,000, katika Olimpiki hiyohiyo, ndizo medali mbili pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata.

Rekodi ya dunia ya Christchurch ilivunjwa na Sebastian Coe mwaka 1979. Ile ya michezo ya Jumuiya ya Madola ilidumu miaka 48, hadi Oliver Hoare wa Australia alipoivunja Birmingham mwaka 2022. Ya taifa bado ni yake: kijana wa Karatu anayeitaka itambidi akimbie chini ya 3:32.16.