Kitabu Gani Umpe Jirani Yako?

"Nisome nini?" Swali hili huulizwa mara nyingi kuliko linavyojibiwa. Huliuliza kijana aliyetoka shule, ambaye kitabu chake cha mwisho kimewekwa darini kikaliwe na moshi. Huliuliza karani jioni, akiisha kufunga mafaili yake. Huliuliza mkulima naye katika siku zile za kungojea mvua, shamba limekwisha limwa na mbegu zi tayari, wala hakuna la kufanya ila kutazama mawingu. Na yule aulizwaye, ingawa amesoma vitabu vingi, aghalabu hujibu, "Soma cho chote, vyote ni vizuri." Jibu hilo halimfai mtu. Ni sawasawa na kumwambia mgonjwa kwamba dawa zote za dukani ni nzuri.

Watu wengi wajuao kusoma wameacha kusoma, na si wote walioacha kwa uvivu. Wengine waliacha kwa sababu kitabu cha kwanza walichopewa baada ya shule hakikuwa cha kwao. Mzee apendaye mashauri ya baraza alipewa hadithi ya watoto; kijana apendaye visa vya hatari alipewa kitabu cha maonyo matupu. Wote wawili wakapiga miayo, wakasema kwamba vitabu si kazi yao. Kumbe mtu anayetaka kumsifia mwenziwe kitabu ana kazi mbili: kwanza amtazame mtu, ndipo akitazame kitabu.

Haya, na aanze karani. Kwa mtu wa ofisi hakuna mwandishi aliye karibu naye kuliko Shaaban Robert wa Tanga, maana yeye mwenyewe alikuwa karani. Aliingia kazi ya forodha mwaka 1926, akaishika mpaka 1944, na baada ya hapo akaendelea katika ofisi nyingine za Serikali. Alizaliwa mwaka 1909, akafa 1962, na sehemu kubwa ya maisha yake mchana ulikuwa wa hesabu na barua za watu wengine. Mtu akisema kwamba kazi ya ofisi haimwachii nafasi ya kitabu, yafaa akumbushwe kwamba huyu alipata nafasi si ya kusoma tu, bali ya kuandika.

Kitabu cha kumpa karani ni Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951. Kusadikika ni nchi inayoelea hewani, lakini mambo yake yako ardhini kabisa. Mtu mmoja, jina lake Karama, ameshtakiwa kwa kosa la kuwafundisha watu elimu ya sheria. Waziri Majivuno anamshtaki mbele ya mfalme, na Karama anapewa nafasi ya kujitetea. Badala ya kulia na kuomba msamaha, anaanza kusimulia habari za wajumbe sita ambao nchi ile ile iliwatuma pande mbalimbali kutafuta mambo ya manufaa. Kila mjumbe alikwenda kwa taabu, akarudi na jambo jema, na kila mmoja malipo yake yakawa mateso. Siku baada ya siku baraza inasikiliza, na kidogo kidogo msomaji huanza kuona kwamba anayehukumiwa mle si Karama peke yake. Karani ye yote aliyepata kupeleka shauri jema kwa wakubwa likarudi bila jibu atakijua kitabu hiki kabla ya kufika katikati. Lugha yake ni nzito kidogo, na yapo maneno yatakayomrudisha msomaji kwenye kamusi. Hilo aambiwe mapema, asidhani ni upungufu wake. Yapo maoni ya watu kwamba Shaaban Robert huhubiri mno. Ni kweli, mara nyingine huhubiri. Lakini katika Kusadikika mahubiri yamewekwa katika kinywa cha mtu aliye hatarini, na maneno ya mtu aliye hatarini hayachoshi upesi.

Akimaliza, na apewe Adili na Nduguze cha mwaka 1952, ambacho ni chepesi zaidi. Mle mna liwali mwema ambaye kila usiku huwapiga manyani wawili, na huku roho yake inaumia. Sababu yake isisemwe.

Hapo ndipo wapenda vitabu wengi wanapokosa. Mtu amefurahia hadithi, anataka mwenziwe naye afurahi. Basi huianza mwanzo, akaifululiza mpaka mwisho, akamtaja na aliyeua. Kisha humpa kitabu! Huko si kukisifu kitabu, ni kukila chote na kumpa mwenzio sahani. Atakayeumizwa zaidi na desturi hii ni yule asomaye hadithi za upelelezi, na katika Kiswahili yeye ana bahati yake, maana yuko Bwana Msa.

Bwana Msa, mwenye kiko na akili isiyolala, aliumbwa na Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Hadithi ya Mzimu wa Watu wa Kale ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili ya 1957 na 1958, ikapigwa chapa mwaka 1960. Mtu ameonekana amekufa mahali pa mzimu. Watu wanaogopa, na hofu yao imewapa jibu kabla ya swali kuulizwa. Bwana Msa haogopi. Yeye hutazama, hunyamaza, huuliza neno moja, kisha huwasha kiko. Kitabu hiki apewe mtu asemaye kwamba kusoma kunamletea usingizi. Apewe mkulima vile vile, na kwa haki kabisa: tangu mwaka 1958 mpaka 1968 mwandishi huyu alikuwa mhariri wa gazeti la wakulima lililoitwa Mkulima. Mkono ule ule ulioshughulika na habari za mashamba ndio uliompeleka Bwana Msa katika kazi zake.

Kwa nyumba yenye wazee wasiosoma, kitabu huchaguliwa kwa sikio. Hapo Uhuru wa Watumwa, kilichoandikwa na James Mbotela na kutolewa mwaka 1934, hakina mfano wake. Mwandishi alikuwa mtoto wa mtu aliyetekwa katika utumwa akaokolewa, na anasimulia habari za waliotekwa bara, njia yao ya kuteremka pwani, majahazi, na mwisho makao yao mapya Freretown, karibu na Mombasa, mji uliowekwa mwaka 1875 kwa ajili ya walioachwa huru. Kikisomwa kwa sauti jioni, sura moja moja, wazee hukatiza. Mmoja atasema kwamba na huku kwetu walipita. Mwingine atataja jina la mtu wa ukoo aliyepotea wala hakuonekana tena. Msomaji asiwanyamazishe. Anayekwenda Mombasa anaweza kuiona kengele ya Freretown mahali paitwapo Kengeleni, na mahali penyewe palipata jina kwa kengele hiyo. Jambo moja lisemwe waziwazi: kitabu hiki kina sifa nyingi kwa Waingereza, kuliko ambavyo mtu wa leo angewapa. Na kisomwe hivyo hivyo kama neno la mtu wa wakati wake, maana maumivu yaliyomo si ya kukopa.

Kijana wa shule, yeye hutaka mwendo. Kwa miaka mingi vijana wa Afrika Mashariki walipewa Mashimo ya Mfalme Sulemani, kilichofasiriwa na Frederick Johnson mwaka 1929 kutoka kitabu cha Kiingereza cha 1885. Kiswahili chake ni safi sana, na kisa cha Kapteni Good, aliyekutwa amenyoa ndevu upande mmoja wa uso akalazimika kukaa hivyo hivyo ili adhaniwe si mtu wa kawaida, kingali kinachekesha. Lakini Waafrika wa kitabu kile waliwazwa na mtu wa Ulaya aliyetaka kuwastaajabisha Wazungu wenziwe. Kijana akipewa, aambiwe hivyo, kisha aachwe akimbie nacho.

Desturi ya kupeana vitabu si jambo lililoletwa na mitambo ya kupigia chapa. Mwaka 1858 hivi, Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa shehe wa Siyu, alitunga utenzi wa kumwusia binti yake, Mwana Hashima. Usia wa mama kwa mtoto mmoja ungeweza kuishia nyumbani mle. Haukuishia, wanawake waliupenda, ukanakiliwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu, nyumba kwa nyumba, mpaka wataalamu wa Ulaya wakaupiga chapa katika karne ya ishirini. Lamu palikuwa na mwandishi hodari wa nakala, Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, na mashairi mengi ya zamani yanajulikana leo kwa sababu ya kalamu yake. Zamani zile, mtu aliyependa kitabu aliketi akakiandika chote upya ili mwenziwe apate. Leo mtu huona taabu kutembea nusu maili kukipeleka.

Pia ilikuwako miaka ambayo msaada ulitoka mbali. Maktaba ya McMillan ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, lakini kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao, na Mwafrika alipita nje akitazama nguzo zake. Mwaka 1948 ilianzishwa Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki, ambayo ilitoa vitabu katika lugha za Waafrika, na tena ikapeleka masanduku ya vitabu vya kuazima mashambani na kuwaazima wasomaji kwa njia ya posta. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, ofisi hiyo nayo ikavunjika, na kila nchi ikashika njia yake. Mwaka 1996 shirika la maktaba la Kenya likaanza kuwapelekea wafugaji vitabu kwa ngamia kutoka Garissa. Ni kazi ya kusifiwa sana. Lakini sanduku wala ngamia hawezi kusema, "Hiki kitakufaa wewe kwa sababu hii." Neno hilo ni la mtu, na vitabu vizuri vya Kiswahili ambavyo havipigwi chapa upya vinaishi kwa neno hilo tu. Nakala ya mwisho katika tarafa nzima ikifungiwa kabatini, kitabu hicho kimekwisha kwa watu wa tarafa ile.

Watu wanaofunga makabati wana sababu yao, nayo inajulikana. Katika Hekaya za Abunuwasi, kitabu ambacho hakikosi wa kukipenda, mna habari ya sufuria. Abunuwasi aliazima sufuria, akairudisha pamoja na ndogo yake, akasema imezaa. Mwenyewe akafurahi akapokea zote mbili. Safari nyingine akaiazima, asiirudishe, akasema imekufa. Vitabu vinavyoazimwa hufa kwa wingi wa kutisha, tena bila kuzaa hata mara moja. Dawa yake ni daftari ya senti chache: jina la kitabu, jina la mwazimaji, na tarehe, naye aone likiandikwa. Si kumvunjia heshima. Hata benki huandika. Aazimwe kimoja kwa safari moja, apewe mwezi mmoja, na wakati wa mavuno apewe miwili.

Na siku akikirudisha, asiulizwe kama kilikuwa kizuri, maana kwa adabu atasema ndiyo. Aulizwe alikuwa amefikia wapi taa ilipoishiwa na mafuta.