Fahamu: Wanasayansi wanajuaje kuwa binadamu ndiye anayeipasha dunia joto?

Wanaopinga husema tabianchi ilibadilika hata kabla ya viwanda. Ni kweli, ila hewa ukaa ya leo ina alama ya ilikotoka.

Mwaka 1958 mwanasayansi Charles Keeling alianza kuipima kule Mauna Loa, Hawaii: takriban sehemu 315 katika kila milioni za hewa. Sasa zimepita 420. Ongezeko hilo limetoka wapi? Makaa ya mawe na mafuta ni mabaki ya viumbe vilivyoishi mamilioni ya miaka iliyopita, hivyo hayana tena kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi inayopungua kadiri muda unavyopita. Tukiyachoma, moshi wake hupunguza uwiano wa kaboni hiyo angani. Mwanasayansi Hans Suess aliliona hilo kwenye pete za miti miaka ya 1950.

Je, si jua? Kwangu hapa ndipo ushahidi ulipo mzito zaidi. Jua lingekuwa chanzo, angahewa ingepata joto chini na juu. Vipimo vinaonesha tabaka la chini likipata joto huku stratosfera, tabaka lililo juu yake, ikipoa.

Wataalamu bado wanajadili kiasi: hewa ukaa ikiongezeka maradufu, IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi, lilikadiria mwaka 2021 kuwa joto huenda likapanda kati ya nyuzi 2.5 na 4 za Selsiasi.