Nusu Saa ya Mwenzetu

Muhula uliopita, kengele ya kumaliza mtihani wa Kiswahili ilipolia, mwalimu alimruhusu mwenzetu mmoja aendelee kuandika. Papo hapo minong'ono ikazuka: "Huyu anapendelewa!" Nami nilinong'ona, nakiri.

Mwenzetu huyo ana uoni hafifu. Miwani humsaidia kidogo tu, kwa hivyo husoma kwa kioo cha kukuza maandishi. Siku moja nilimwomba nikijaribu. Lo! Kioo kile huonyesha maneno mawili matatu tu kwa mara moja. Ukifika mwisho wa mstari, sharti urudi kuutafuta mwanzo wa ule unaofuata, na mara nyingi unajikuta umeurudia ule ule. Kifungu cha ufahamu ambacho mimi hukisoma kwa dakika tatu kilinichukua zaidi ya kumi, na kichwa kikaanza kuniuma. Hapo sijajibu hata swali moja! Na kila swali hukurudisha kifunguni kutafuta jibu.

Baraza la Mitihani la Kenya lalijua jambo hili. Katika KCSE, wasioona hupewa karatasi za Breli, wenye uoni hafifu hupewa za maandishi makubwa, na wote huongezewa dakika 30. Karatasi ya pili ya Kiswahili ni ya saa mbili na nusu. Kwao huwa saa tatu. Alama ni zile zile 80. Asiyejua viambishi, hata umpe siku nzima, hatavijua!

Lakini muda huo hauji wenyewe. Lazima shule iuombe, watahiniwa wanaposajiliwa. Sisi tutasajiliwa mwakani tukiwa kidato cha nne, na mwenzetu ameniambia hataki jina lake lipelekwe. Nilipomwuliza sababu, alinikumbusha siku ile ya minong'ono. Kumbe zile dakika alizoongezwa hakuzimaliza. Aliona haya, akakusanya karatasi yake na kutoka, swali la isimujamii hajaligusa. Hilo peke yake lina alama 10.

Nimekwisha kumwomba radhi. Amesema atafikiria.