Komredi, kuna mada ya utafiti inayoishi ploti moja nawe

Uko mwaka wa nne, msimamizi anadai mada ya utafiti kabla ya mwezi kuisha, na kichwani hamna kitu. Kabla hujakimbilia "athari za mitandao ya kijamii kwa vijana", ambayo nusu ya darasa inaifanya, hebu angalia mtaani kwenu. Huenda kuna jirani ambaye hakuhamia hapo kwa kupenda.

Tuelewane kwanza. Mkimbizi amevuka mpaka wa nchi yake, na kuna mkataba wa kimataifa wa 1951 unaomlinda. Mkimbizi wa ndani naye amefurushwa kwake na vita, fujo au mafuriko, ila bado yuko nchini mwake, chini ya serikali ile ile iliyoshindwa kumkinga. Umoja wa Mataifa ulipata mwongozo kuhusu watu hawa mwaka wa 1998, kazi iliyoongozwa na msomi Francis Deng wa Sudan. Umoja wa Afrika ukafuata kwa Mkataba wa Kampala wa 2009, na Kenya ikatunga sheria yake mwaka wa 2012.

Kwa hivyo sheria ipo. Shida ni hesabu.

Fujo za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwatimua zaidi ya 600,000 makwao. Picha tulizozoea ni za mahema, kama yale ya uwanja wa maonyesho wa Eldoret. Lakini karibu nusu ya waliohama hawakuingia kambini. Walienda kwa shangazi, kwa rafiki, au wakakodi chumba kimoja mjini. Serikali ilipotoa Sh10,000 za kuanza maisha upya na Sh25,000 kwa waliobomolewa nyumba, aliyekuwa hemani alikuwa rahisi kupatikana. Wengi wa wale wa chumba cha kukodi walikosa kwenye orodha.

Hapo ndipo wewe unaingia. Shamba la mtu huyu liko mikononi mwa nani sasa? Watoto walisomea wapi? Mbona hakurudi? Majibu hayo hayapatikani gugo. Ni lazima uketi na mtu, umsikilize.

Lakini usiende tu hivi hivi na daftari. Pata kibali cha NACOSTI na idhini ya chuo. Mweleze mhojiwa unatafuta nini na kwamba anaweza kukataa au kukatiza mahojiano wakati wowote. Usimwahidi msaada, hata akikuuliza moja kwa moja utamletea nini. Ficha jina lake na la kijiji alikotoka, kwa sababu waliomfukuza huenda bado wanaishi huko. Akianza kulia, zima kinasa sauti. Alama zako zinaweza kungoja.

Kisha rudi. Ukimaliza kuandika, wasomee waliokusaidia yale uliyoyapata, kwa lugha wanayoielewa, na uwaachie nakala. Mama aliyehojiwa na watafiti watano bila kuona hata ukurasa mmoja ana kila sababu ya kukufungia mlango, na atakayeumia ni komredi atakayebisha baada yako.

Msimamizi bado anangoja mada. Leo jioni, anza kwa kumwamkua jirani.