Ukihama, Hama na Kazi Yako



Mwaka 2022 nyumba za mwisho za Kangondo na Kibiraro, mitaa ya Nyarutarama ambayo wengi waliijua kwa jina la Bannyahe, zilibomolewa. Familia nyingi zilihamishiwa katika majumba ya ghorofa hapa Busanza, sekta ya Kanombe, wilaya ya Kicukiro. Habari ya nyumba na fidia ilisemwa sana, hata mahakamani ilifika. Habari ya kazi ilisemwa kidogo.

Kule Nyarutarama mama wa kufua nguo, mlinzi, mtunza bustani na saidia fundi, yaani umuyede, walikwenda kazini kwa miguu. Hapakuwa na barua wala cheti. Tajiri alimjua mtu kwa uso, na jirani alimdhamini kwa mdomo. Alipohama, sifa hiyo ilibaki kule. Hapa Busanza mtu mwenye miaka 10 ya kazi anasimama mbele ya mwajiri kama aliyeanza jana.

Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Kazi nayo ni mali ya mfanyakazi. Kwa hiyo matayarisho ya usaili yaanze kule unakotoka, kabla hujaaga.

KABLA YA KUTOKA

Kwanza, toa notisi. Sheria ya kazi ya Rwanda, Na. 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018, inataka siku 15 kwa aliyefanya kazi chini ya mwaka mmoja, na siku 30 kwa aliyefikisha mwaka au zaidi. Sheria hiyo inamfunga mwajiri na mfanyakazi vile vile. Anayetoroka kazini huku ana deni la notisi hawezi kurudi kuomba barua nzuri.

Pili, dai hati ya kazi. Mkataba unapokwisha, mwajiri anawajibika kukupa hati hiyo. Isome kabla ya kuondoka: jina lako liwe kama lilivyo kwenye irangamuntu, tarehe ya kuanza na ya kumaliza ziwe sahihi, na kazi uliyofanya itajwe. Ukinyimwa, mwone mjumbe wa wafanyakazi. Akishindwa, nenda kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya.

Tatu, hakikisha michango yako ya pensheni katika RSSB. Tangu Januari 2025 mchango ni asilimia 12 ya mshahara, nusu ya mwajiri na nusu yako. Michango hiyo inakufuata kwa kila mwajiri, mradi jina lako liwe limeandikishwa. Kama ulikatwa fedha na hazikufika, ni rahisi kuuliza ukiwa bado kazini.

FUNDI ASIYE NA CHETI CHA SHULE

Wako mafundi waliojifunza kwenye jengo lenyewe, kuanzia kubeba zege mpaka kushika mwiko. Hao wasikate tamaa. Chama cha wafanyakazi wa ujenzi, STECOMA, kimekuwa kikishirikiana na mamlaka ya elimu ya ufundi kuwapima mafundi kwa kazi ya mikono yao na kuwapatia vyeti. Mwashi anajenga mbele ya mpimaji, seremala anaunga mbao. Huo nao ni usaili, na anayefaulu ana karatasi inayosema anachojua hata mahali asipojulikana.

SIKU YA USAILI

Kutoka Busanza kazi zilizo karibu ni za uwanja wa ndege na hospitali ya jeshi ya Kanombe, viwanda vya Masoro, na bandari kavu ya Masaka iliyozinduliwa mwaka 2019. Kila mahali maswali yanafanana, na majibu yake yafaa yatayarishwe nyumbani.

Watakuuliza umefanya kazi gani. Jibu kwa hesabu. Usiseme tu, "Najua kupika." Sema, "Nilipika chakula cha watu 40 kila siku kwa miaka 3." Mlinzi aseme alilinda mahali gani, zamu gani, na vitu gani alikabidhiwa.

Watakuuliza kwa nini uliacha kazi. Jibu ukweli kwa maneno machache: "Tulihamishwa makazi, na nauli ikashinda mshahara." Si aibu. Lakini usimtukane mwajiri wa zamani, maana anayekusikiliza anawaza kesho utamsema nani.

Watakuuliza utafikaje saa 12 asubuhi. Usikisie. Siku moja kabla, safiri saa ile ile, ujue basi linachukua muda gani na nauli ni kiasi gani.

Ukisema Kiswahili, kitaje. Tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi ya nchi hii, na mahali kama Masaka madereva wa malori wanatoka Dar es Salaam na Mombasa. Hiyo ni kazi ambayo wengine hawaiwezi.

Nawe uliza: mshahara ni kiasi gani baada ya makato? Saa za kazi ni ngapi? Muda wa majaribio ni upi? Nitaandikishwa RSSB lini? Mkataba wa mdomo hauruhusiwi kupita siku 90. Kazi ya kudumu ina maandishi. Peleka nakala za vyeti, usiache irangamuntu yako. Na mtu anayekudai pesa ili akuingize kazini, mwache aende zake.

Kama bado una kazi, usiiache kwa ahadi ya simu. Ngoja mkataba uwe na sahihi, ndipo utoe notisi.

TUFANYE PAMOJA

Baada ya Umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wako nyumbani. Katika kila jengo wafanyakazi watano au sita wanaweza kukaa pamoja, mmoja awe mwajiri, mwingine awe mwombaji, wengine wasikilize na kusahihisha. Asiyejua kuandika aandikiwe na mwenzake orodha ya kazi zake na miaka yake. Anayesikia kuna nafasi mahali awaambie wenzake.

Jambo hili halikuishia Bannyahe. Uwanja mpya wa ndege unajengwa Bugesera, na utakapofunguliwa, kazi nyingi za Kanombe zitaufuata. Mpagazi, mfagiaji na mpishi wa leo huenda wakahitaji kujieleza upya mbele ya mwajiri mwingine. Aliye na hati mkononi atakwenda kama fundi. Asiye nayo atapanga foleni ya vibarua, hata kama ujuzi wake ni ule ule.

Wiki hii, kila mmoja afungue bahasha yake aone nini kimo na nini kinakosekana. Kisha aje chamani.